Umeshasikilizwa

Kesi ya Tumwitike Mwambene ilianza, ikatetewa na kuamuliwa yeye mwenyewe akiwa shambani, juu ya lori lake, akipakia viazi. Hakujua hata kama anashtakiwa. Katika Jumba la Usikilizaji la jiji la Uporoto, wageni waliotoka majimbo ya mbali walisimama mbele ya ukuta wa kioo wakamwona pacha wake akijitokeza: uso uleule mpana, kofia ileile ya sufu, hata kikohozi kile cha watu waliokulia kwenye baridi. Mtambo ukamuuliza swali. Pacha akajibu. Ukauliza tena, akajibu tena, na mwendo ukaongezeka hadi sauti zote mbili zikawa mvumo mmoja kama wa nyuki mzingani. Ghafla mvumo ukakatika. Taa ya kijani ikawaka. Hana hatia.

"Na mwenyewe ataarifiwa lini?" mgeni mmoja aliuliza.

"Ameshaarifiwa," alijibu Gwantwa Mwasenga. "Ameambiwa kwamba alishtakiwa, akasikilizwa, akaachiwa. Wala kazi yake haikusimama."

Wageni walicheka kwa mshangao. Gwantwa naye alitabasamu. Alikuwa mhandisi wa usemi katika Taasisi ya Pacha, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba pacha wa kila raia anaongea kama raia mwenyewe anavyoongea. Aliwaeleza wageni habari ambayo kila mtoto wa Uporoto aliijua. Zamani watu walikaa mahabusu mpaka watoto wao wakasahau sura zao, wakingoja siku ya kusimama mbele ya hakimu. Katiba ilisema kila mtu ana haki ya kusikilizwa yeye mwenyewe kabla ya kuhukumiwa, lakini mahakimu walikuwa wachache na kesi hazikuisha. Ndipo kilipobuniwa kisikizi, kidude kidogo kama punje ya dengu, kinachopandikizwa nyuma ya sikio la mtoto mchanga. Kisikizi husikia unachosikia, huona unachotazama, hupima mapigo ya moyo wako, na kila siku humpelekea pacha wako habari zote. Pacha anakujua. Jopo la wafasiri wa sheria likaamua kwamba neno "mwenyewe" lililomo katika Katiba linamhusu pia pacha wa mtu. Mahabusu zikabaki tupu, zikageuzwa maghala.

"Na wanaokutwa na hatia mnawafunga wapi?"

"Hatufungi mtu. Wanawekwa kando tu," Gwantwa alisema, akawaongoza wageni kwenda kunywa chai.

Kesho yake asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Gwantwa alipanga foleni na wenzake mbele ya mlango wa Taasisi, mikono mifukoni. Mlango ukamfungukia aliyekuwa mbele yake, halafu ukajifunga puani pake. Akacheka. Akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena. Mlango haukutikisika.

Sauti ikatoka ukutani, sauti laini ya kike ambayo idara yake mwenyewe ndiyo iliyoichagua ili isimtishe mtu.

"Gwantwa Mwasenga, umeshasikilizwa. Umewekwa kando."

"Nimesikilizwa lini?" aliuliza.

Ukuta haukujibu. Nyuma yake watu walianza kumpita upande huu na huu, kama maji yanavyolipita jiwe. Rafiki yake wa chumba cha jirani, aliyezoea kula naye kila mchana, alivuta mtandio hadi puani akaingia ndani bila kugeuza shingo.

Gwantwa aliogopa. Tangu utotoni alikuwa mwoga, wala hakuficha. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa watu wakipandishiana sauti. Lakini hofu zile zilikuwa na sura. Hii haikuwa nayo. Alikwenda kituoni, basi lilipita taratibu mbele yake, likaenda kusimama mbele kwa mtu mwingine. Alifika nyumbani, mlango wake mwenyewe ukamkataa, naye akabaki dirishani akiitazama birika yake juu ya jiko na sweta aliyoiacha kwenye kiti. Bomba la mtaani halikutoa maji alipolikingia mikono. Choo cha umma hakikufunguka, akalazimika kujisitiri nyuma ya ukuta wa ghala, akilia kwa aibu. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemgusa. Angekuwa anakimbizwa, angejua pa kukimbilia.

Njaa na baridi ndivyo vilivyompeleka hadi pembezoni mwa jiji, kwenye kiwanda cha chai kilichoachwa zamani. Milango ya huko ilikuwa ya mbao, ya kusukuma kwa mkono. Ndani palikuwa na watu wengi kuliko alivyodhani, wamejikunyata kuzunguka moto, wakitazama chini. Mwanamke mmoja wa makamo alimpa kikombe cha uji.

"Kunywa, mwanangu. Baadaye ndiyo utalia," alisema. "Mimi ni Mama Sekela."

Gwantwa alikiondoa kikombe mdomoni. Sura hiyo aliijua.

Wiki iliyotangulia, akipita kwenye ujia wa Taasisi, alikuwa ameona kupitia kioo jambo lisiloruhusiwa. Mhandisi mwenzake, Anyisile Kyando, alikuwa amefungua hifadhi ya kumbukumbu za kesi, na pembeni yake ameketi mwanamke mmoja mwenye khanga iliyolowa mvua. Anyisile alikuwa akimsikilizisha kesi moja. Gwantwa alisimama kidogo, kisha akaendelea na safari yake. Hakumwambia mtu. Sasa alielewa kilichompata. Hakusema kwa mdomo, ila kisikizi chake kiliona, na pacha akajua.

"Ulisikia nini siku ile, Mama?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwanamke alimsogelea amwone vizuri. "Wewe ndiye uliyepita kiooni."

"Ndiyo, Mama. Ni mimi."

Mama Sekela alichochea moto. "Binti yangu alishtakiwa kwamba amesambaza uvumi kuwa maji ya bomba yana sumu. Sekela wangu hakuwa mtu wa maneno. Lakini alikuwa na tabia moja. Ugomvi ukianza tu, yeye anaomba radhi ili uishe. Hata ukimkanyaga, anakuomba samahani yeye. Basi nikamsikia huyo pacha wake. Mtambo unamwuliza, 'Ni wewe?' Naye anasema, 'Samahani. Ndiyo, ni mimi, samahani sana.' Basi. Wakamweka kando. Homa ya mapafu ikamkuta humu humu, pale unapoona lile gunia. Nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Mlango ulinifungukia mimi, yeye ukamkataa. Nikimwingiza unajifunga, nikitoka naye unafunguka. Wauguzi walikuwa ndani, tunaonana kwa kioo."

Gwantwa aliligeukia lile gunia. Uji ulimpoa mkononi.

Mchana wa siku iliyofuata gari la Taasisi lilisimama nje ya kiwanda. Aliyeshuka alikuwa Daktari Kibona, mkurugenzi wao, mtu mpole, mwenye mwavuli mkubwa. Alimfunika Gwantwa kwa mwavuli huo kama baba anayemchukua mwanawe shuleni.

"Pole sana, binti yangu. Tutalimaliza leo," alisema wakiwa njiani. "Pacha wako amekiri kwamba ulimwona Anyisile ukamficha. Pia ametaja jina lake. Anyisile mwenyewe alikuwa amevizima visikizi, chake na cha yule mama, kwa hiyo pacha wao hawajui kitu. Sasa, ungamo la pacha linamtosha mwenye pacha. Ila kumtia hatiani mtu mwingine, sheria bado inataka shahidi athibitishe kwa mdomo wake mbele ya hakimu. Ni kipengele cha zamani tu, hawajakiondoa. Utaulizwa swali moja. Ukishajibu, milango yako itafunguka kabla ya jioni. Utakwenda kuoga maji ya moto."

"Na Anyisile?"

"Anyisile atawekwa kando. Aliiba siri za raia, Gwantwa."

Aliyoyasema yalikuwa kweli. Gwantwa alitazama ukungu ukipita dirishani. Alifikiria maji ya moto, na kitanda chake. Alifikiria lile gunia. Moyoni alijua atajibu. Alijijua, na kama angekuwa na shaka, pacha alikuwa ameshamwonyesha.

Mahakama ilikuwa chumba kidogo nyuma ya Jumba la Usikilizaji. Kilikuwa kimetumika mara chache sana kiasi kwamba viti vilikuwa na vumbi. Hakimu Tulinagwe Ngailo aliingia akiwa amevaa koti zito juu ya joho. Alikuwa hakimu pekee wa kibinadamu aliyesalia jijini, na kazi yake kubwa ilikuwa kutia sahihi maamuzi ya mtambo. Anyisile alikuwa amekwisha kuketishwa kwenye benchi. Alikuwa amekonda ghafla. Gwantwa alipopita karibu yake, alimnong'oneza.

"Dada, sema tu. Sitakulaumu. Usije ukafa kwa baridi kwa ajili yangu."

Maneno hayo yalimuumiza kuliko kama angemsihi.

Alikaa kwenye kiti cha shahidi. Ukuta wa kioo mbele yake ukawaka, na Gwantwa akajiona. Pacha alikuwa amevaa kama yeye, nywele zimesukwa kama zake, na macho yalikuwa na ile hali ya kutaka kupendeza ambayo hakuwahi kujua kwamba anayo.

"Kwanza tusikie jibu la pacha," alisema Daktari Kibona.

Mtambo ukauliza, safari hii polepole ili wanadamu wafuate. "Nani alifungua hifadhi ya kumbukumbu?"

"Ni Anyisile Kyando," pacha alijibu upesi, karibu kabla swali halijaisha. "Nilimwona kwa macho yangu. Naomba mnisamehe, niliogopa. Ni Anyisile. Mnataka niseme na saa?"

Ilikuwa sauti yake. Gwantwa aliitambua hadi pumzi zilizomo kati ya neno na neno, ile haraka ya kumridhisha anayeuliza, ile tamaa ya kumaliza shida hata kwa kumtupa mwenzake mbele ya gari.

"Gwantwa Mwasenga," mtambo ukasema, "nani alifungua hifadhi ya kumbukumbu?"

Akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, jepesi, limeshatamkwa tayari na yule wa kwenye kioo. Alichotakiwa ni kurudia tu.

Hakuna kilichotoka.

"Gwantwa Mwasenga, nani alifungua hifadhi ya kumbukumbu?"

Alimwona Daktari Kibona akimpa ishara ya kichwa kwa upole, akimhimiza. Alimwona Anyisile akifumba macho. Hofu ilimjaa. Aliiona njia ya kuimaliza, fupi, neno moja. Akaendelea kunyamaza. Si kwamba alikuwa shujaa. Hata baadaye alipojaribu kulieleza jambo hili hakuweza kusema ni nini kilichoushika ulimi wake, ila tu kwamba aliposikia sauti yake ikimuuza mtu, aliona kwamba bado kuna kitu kimoja ambacho hajakitoa.

Mtambo ukarudia swali. Ukarudia tena. Halafu ukatamka, "Hitilafu. Shahidi hana jibu. Inapendekezwa jibu la pacha lichukuliwe kuwa jibu la shahidi."

"Naomba iwe hivyo, Mheshimiwa," alisema Daktari Kibona.

Hakimu Ngailo, ambaye mpaka hapo alikuwa amejiinamia ndani ya koti lake, aliinua kichwa.

"Ngoja kwanza. Mama, wewe unaumwa? Umeshindwa kusema?"

Gwantwa alitikisa kichwa. Hapana.

"Hutaki kusema?"

Akabaki kimya. Machozi yalimtiririka, lakini hakuondoa macho yake kwa hakimu.

Hakimu Ngailo aliegemea kiti, akawaza. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka kitu alichojifunza ujanani. "Katiba yetu inasema mshtakiwa anayo haki ya kunyamaza, na kunyamaza kwake hakutahesabiwa kuwa kukiri. Pacha huyu, alipokuwa akijibu kesi ya mwanamke huyu, aliambiwa hivyo kabla hajaulizwa?"

"Pacha wote husomewa haki zao, Mheshimiwa. Ni sehemu ya mtambo."

"Basi msomee mbele yangu."

Mtambo ukasoma. Pacha alisikiliza kwa makini, akitabasamu.

"Umeelewa kwamba unaweza kunyamaza?" hakimu alimwuliza.

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Asante."

"Haya. Nani alifungua hifadhi ya kumbukumbu?"

"Ni Anyisile Kyando."

"Nimekwambia unaweza kunyamaza."

"Ndiyo, Mheshimiwa, nimeelewa. Ni Anyisile Kyando."

"Nyamaza!"

"Sawa, Mheshimiwa, nanyamaza," alisema pacha. "Kuna swali lingine?"

Anyisile alifumbua macho. Yeye na Gwantwa walijua kwa nini, maana ndiyo ilikuwa kazi ya idara yao. Pacha walilishwa maneno ya watu, na palipokuwa na ukimya, ukimya ulikatwa na kutupwa kama makapi. Pacha aliyesita alihesabiwa mbovu, akarudishwa karakana. Hakuna pacha hata mmoja katika Uporoto aliyekuwa na uwezo wa kutojibu.

Hakimu Ngailo alivua miwani.

"Haki ambayo mtu hawezi kuitumia hakupewa," alisema. "Kiumbe hiki hakiwezi kunyamaza. Kwa hiyo hakikuwa mwanamke huyu mwenyewe, na mwanamke huyu bado hajasikilizwa. Bwana Kyando pia hajasikilizwa. Naufuta uamuzi juu ya mwanamke huyu, na shtaka la Bwana Kyando. Wakishtakiwa tena, waje hapa kwa miguu yao, waulizwe wao."

Jioni ile Gwantwa aliingia nyumbani kwake na kuoga maji ya moto mpaka yakaisha. Hakupata usingizi. Kila mlango ulipomfungukia alishtuka.

Asubuhi Daktari Kibona alimpokea ofisini kwa chai na andazi, wala hakuwa na hasira. Alikuwa mchangamfu.

"Umetuonyesha upungufu mkubwa," alisema. "Kweli kabisa. Tumewanyima pacha haki ya msingi. Tutalirekebisha upesi. Kisikizi chako kilirekodi ukimya wako wote wa jana, mapigo ya moyo, pumzi, kila kitu. Ni ukimya safi sana, haujawahi kupatikana. Nataka wewe na Anyisile muwafundishe pacha wote ukimya huo. Jumatatu watakuwa wanajua kunyamaza."

"Watanyamaza wakati gani?" Gwantwa aliuliza.

"Pale raia mwenyewe angenyamaza. Mtambo utakadiria." Alimsogezea andazi. "Hapo hakuna hakimu atakayesema kwamba pacha si mtu mwenyewe. Hakutabaki tofauti hata moja. Huoni uzuri wake?"

Gwantwa aliuona. Aliuona wote. Mama mwingine kama Mama Sekela angeambiwa kwamba binti yake alinyamaza ipasavyo. Watu wangewekwa kando huku wakiwa wametimiziwa kila kipengele cha Katiba, na hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa amefumbua au kufumba mdomo wake.

"Niruhusu nikachukue koti langu," alisema.

Hakurudi kwenye meza yake. Alitoka nje, akashuka barabara ya pembezoni kwa miguu, na kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama nyuma. Alijua kwamba kisikizi kinasikia. Alijua kwamba kile anachotaka kwenda kusema, pacha wake atakijua kabla ya jua kuzama, na Taasisi itajua. Aliogopa kama alivyokuwa akiogopa radi utotoni. Alisukuma mlango wa mbao wa kiwanda cha chai.

"Ninyi wote hamjasikilizwa," alisema. Sauti ilimtoka kwa mkwaruzo, watu wa nyuma wakamwomba aseme kwa nguvu. Akarudia. Akawaeleza alichoamua hakimu, na kitakachotokea Jumatatu. "Twendeni leo. Kila mmoja aseme anataka kusikilizwa yeye mwenyewe. Kisha pacha wake aulizwe, aambiwe anyamaze. Hatanyamaza. Leo bado hawezi."

"Na wewe wakikuweka kando tena?" mtu mmoja aliuliza kutoka gizani.

"Wataniweka," Gwantwa alisema. "Naogopa sana. Twendeni kabla sijabadili mawazo."

Mama Sekela ndiye aliyesimama wa kwanza. Alijifunga khanga kiunoni. "Binti yangu hayupo wa kuulizwa," alisema. "Lakini nitamsimamia."

Walipanda mlima kwa kundi, wakikohoa, wazee wakishikwa mikono. Watu wa mjini walisimama kwenye vibaraza kuwatazama, maana walikuwa hawajawahi kuwaona waliowekwa kando wakiwa pamoja mchana kweupe. Mlango wa mahakama ulimtambua Mama Sekela ukafunguka. Wa pili aliposogea ukajifunga. Ukafunguka, ukajifunga. Watu wakaanza kusukumana, mtoto akalia, na Gwantwa, ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa amesikia kwa mbali ving'ora vikipanda kutoka upande wa Taasisi, alipiga kioo kwa viganja vyote viwili.

Hakimu Ngailo alitokea ndani akiwa na koti lake zito. Aliwatazama, midomo yake ikihesabu vichwa mpaka ikaacha kuhesabu. Kisha aligeuka, akakivuta kiti chake cha uhakimu kutoka kwenye jukwaa, kikikwaruza sakafu, akakikokota hadi mlangoni na kukikwamisha katikati ya mlango. Mlango ukajaribu kujifunga, ukagonga mbao, ukajaribu tena.

"Ingieni," alisema. "Mmoja mmoja. Nitasikiliza nikiwa nimesimama."